Kisigino cha Kushoto

Watu wa magazeti walimjua kwa sauti.
Mimi, Vrba, fundi viatu wa Omaha,
nilimjua kwa kisigino cha kushoto.
Kililika kabla ya mwenzake, kila mara,
kama sabuni iliyosahauliwa majini.

Mara ya kwanza alileta buti za baba yake,
mchinja ng'ombe, damu imekaukia kwenye mishono.
Ludelle Hargrove, miaka tisa, akangoja
akiimba kwa pua, mdomo kaufumba,
na cherehani yangu ikaona haya, ikanyamaza.
Haya, nasema uongo: uzi ulikatika.
Lakini ulikatika palepale.

Shangazi yake alisema dansi ni mlango wa jehanamu.
Akaupita mlango huo kwa viatu vya kuazima,
gazeti limeshindiliwa vidoleni,
akaimbia bendi ya Cleophus Tate:
nyimbo tatu kwa usiku, kisha kaa, tabasamu,
pamba kiti.

Tate alitokomea mjini Salina
na mkoba wa mapato
na mke wa mwenye hoteli.
Wanaume kumi na mmoja kwenye theluji,
kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme neno.
Ufunguo wa basi alikuwa nao yeye.
Wengine hupakwa mafuta wakatawazwa;
yeye uongozi aliukuta mfukoni mwa koti
pamoja na peremende mbili.

Hawakutaka kuhesabiwa na mwanamke.
Thaddeus wa tarumbeta aligeukia ukuta.
Hakuinua mkono, hakubembeleza.
Aligonga kisigino sakafuni: moja, mbili,
wakashtukia wameshaingia,
hata Thaddeus, mgongo bado umegeuka.

Miaka kumi na minne.
Kando ya bei, daftarini, niliandika alichosimulia
akiwa amekaa na soksi zake kwenye stuli yangu:
Hoteli Wichita zimejaa, zote, ghafla.
Tumelala kwa mzika maiti. Mpiga saksafoni
kachagua jeneza la mahameli, kaamka akisema
hajawahi kupewa kitanda chenye adabu kiasi kile.
Kisigino, senti thelathini.
Santuri moja, Chicago. Wamechapa "Luella".
Kanunua wino, kasahihisha nakala sitini kwa mkono.
Soli na kisigino, senti tisini. Kalipa nusu.

Ukumbini sikuingia hata siku moja.
Jumamosi nilifunga duka saa nne usiku
nikasimama ng'ambo ya barabara kama mdaiwa.
Sauti yake ilikuja na kupotea, mlango ukifunguliwa,
mlango ukifungwa: mwanzo wa neno, mwisho wa neno jingine,
mbichi, imekwaruzika kidogo pembeni.
Lakini ile ngo, ngo, ilipita chini ya lami
ikanifikia nyayoni. Nikasema: ule msumari ni wangu.

Vita ikachukua saba.
Akajaza nafasi kwa watoto wa shule
na mzee mwenye sikio moja zima.
Thaddeus alirudi bila meno ya mbele;
akampa kazi ya kuuza tiketi,
na kila onyesho, kabla ya kuanza, akamtazama
kama anayeomba ruhusa.

Kisha ukumbi ukawa duka la matairi.
Hakuniambia. Alileta viatu vyeusi vya kawaida
nikavigeuza juu ya meza:
kushoto na kulia vimelika sawasawa,
kama vya karani, kama vya mtu yeyote.
Nilikaa navyo siku nzima, sikujua pa kuanzia.

Nikaweka kisigino kipya, cha kushoto tu,
ngozi ngumu, misumari tisa badala ya sita.
Alikivaa. Alinitazama muda mrefu.
Akagonga sakafu yangu: moja, mbili, tatu,
akaacha ya nne hewani.

Mimi sijui kupiga chochote ila viatu.
Nikashusha nyundo.

"Umechelewa, Vrba," akasema,
akatoa pochi, akalipa deni lote.